Tetemeko Mbali na Bahari: Kuchora Ramani ya Matishio ya Ardhi katika Meru na Embu

Neno tsunami lilienea katika Kiswahili kwa muda wa siku chache. Kabla ya tarehe 26 Desemba 2004 lilikuwa neno la wanajiografia na wasomaji wachache; baada ya tarehe hiyo lilisikika redioni, misikitini, makanisani na sokoni, bila ya kusubiri kikao chochote cha istilahi. Asili yake ni Kijapani: tsu ni bandari, nami ni wimbi. Tetemeko lenye ukubwa wa 9.1 lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, likaiinua sakafu ya bahari na kuyasukuma maji yaliyoua watu wapatao 228,000 katika nchi 14. Nchini Somalia walikufa karibu watu 300. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Katika maji yenye kina cha mita 4,000 mawimbi ya aina hiyo huenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 700 kwa saa, lakini Bahari ya Hindi ni pana, na habari ziliyatangulia mawimbi. Mamlaka za Kenya zikapata muda wa kuwaondoa watu katika fuo.

Tukio hilo liliacha funzo kuhusu thamani ya onyo la mapema. Liliacha pia dhana potofu, nayo ni kwamba matishio ya ardhi ni jambo la watu wa pwani, na kwamba mkaaji wa Meru au Embu, aliyeketi katika miteremko ya Mlima Kenya mamia ya kilomita kutoka baharini, hana la kuhofia isipokuwa ukame na bei ya kahawa. Ramani ya matishio ikichorwa inavyopasa huonyesha vingine. Mambo yale yale yanayochunguzwa na wachoraji wa ramani za miji ya pwani, yaani chanzo cha mtikisiko, aina ya udongo, mwinamo wa ardhi na mwendo wa maji, yanapatikana yote kati ya vilima vya Nyambene na mabwawa ya Tana, ila yamepangwa kwa namna nyingine.

Istilahi kabla ya rangi

Mchoraji wa ramani ya aina hii hutenganisha mambo matatu. La kwanza ni tishio, yaani tukio la kimaumbile linaloweza kutokea mahali fulani kwa nguvu fulani. La pili ni kilichowekwa mbele ya tishio hilo: watu, nyumba, shule, madaraja, mashamba. La tatu ni udhaifu, yaani wepesi wa vitu hivyo kudhurika. Hatari ni zao la mambo hayo matatu yanapokutana. Jangwa la Chalbi likitikiswa kwa nguvu nyingi usiku wa manane, tishio litakuwa kubwa lakini hatari itakuwa ndogo, kwa kuwa karibu hakuna cha kuangukia mtu. Mtikisiko mdogo zaidi ya huo ukipita chini ya mtaa wa Makutano mjini Meru, siku ya soko, hesabu inageuka.

Hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu. Neno hatari katika matumizi ya kawaida hubeba maana zote hizo kwa pamoja. Limebandikwa kwenye nguzo za umeme na kwenye malori ya mafuta, na hakuna anayeuliza kama linataja chanzo, uwezekano au matokeo. Maneno janga na maafa hayasaidii, kwa sababu yanataja jambo ambalo limekwisha kutokea na kuua. Ramani inayoitwa "Ramani ya Majanga" humwambia msomaji habari za jana ilhali lengo lake ni kesho. Hata tukio lenyewe lina majina zaidi ya moja. Tetemeko limetokana na kitenzi tetema: mwenye homa hutetema, na ardhi vilevile. Kamusi zinalo pia neno zilizala, lenye asili ya Kiarabu, ambalo leo limebakia zaidi katika maandishi ya kidini na ya kishairi. Msamiati basi si haba. Kilichokosekana ni makubaliano ya neno lipi litumike kwa dhana ipi.

Ukubwa na ukali

Jozi nyingine inayochanganywa mara kwa mara, hata katika magazeti, ni ya ukubwa na ukali. Tetemeko moja lina ukubwa mmoja tu, unaotokana na nguvu iliyofunguliwa pale miamba ilipokatika. Ukali ni kile kinachohisiwa mahali mbalimbali, nao hutofautiana. Ngoma hupigwa kwa nguvu moja. Anayecheza kando yake huisikia kifuani, na aliye ng'ambo ya bonde huisikia kwa mbali. Kipimo cha ukubwa kinapanda kwa namna isiyozoeleka: kila nambari moja inayoongezeka ni sawa na nguvu iliyozidishwa takriban mara 32.

Kwa wakaaji wa Meru na Embu, tetemeko la kuanzia hesabu ni la Subukia. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilipasuka katika ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, na tetemeko lenye ukubwa wa 6.9 likasikika katika sehemu kubwa ya Kenya. Ufa ulioonekana juu ya ardhi ulifikia urefu wa makumi ya kilomita, na mahali pengine upande mmoja ulishuka kwa zaidi ya mita mbili ukilinganishwa na wa pili. Nchi ilikuwa na watu wachache, majengo ya ghorofa yalikuwa ya kuhesabika, na madhara yakawa madogo kuliko yanayotarajiwa kwa nguvu kama hiyo. Kutoka Subukia hadi Embu, au hadi mji wa Meru, ni kiasi cha kilomita 150 kwa mstari ulionyooka.

Umbali huo una maana yake katika sekunde. Tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili kupitia miamba. Ya kwanza, ya msukumo, huenda kwa kasi inayokaribia kilomita 6 kwa sekunde. Ya pili, ya mtikiso wa kando, ambayo ndiyo hasa huangusha nyumba, huenda kwa takriban kilomita 3.5 kwa sekunde. Kwa kilomita 150 tofauti ya kufika kwake ni sekunde kama 18. Aliye Meru angesikia kishindo chepesi, kisha angekuwa na sekunde hizo 18 kabla ya mtikisiko wenyewe. Watu wa Mombasa mwaka 2004 walikuwa na saa kadhaa. Ndiyo maana, kwa tetemeko, onyo kubwa zaidi ni ramani iliyochorwa miaka mingi kabla.

Kinachodhihirisha uzito wa jambo hili si Subukia peke yake bali pia Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mji wa Bukoba na vijiji vyake nchini Tanzania, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za matofali ya udongo. Nguvu yake ilikuwa sehemu moja tu ya 32 ya ile ya Subukia. Kati ya mwaka 1928 na leo miamba ya Bonde la Ufa haijabadilika. Kilichobadilika ni idadi ya watu na aina ya kuta. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti ya Meru ilikuwa na watu 1,545,714, Embu 608,599, na Tharaka-Nithi iliyo katikati yao 393,177.

Mtindo wa ujenzi katika miji hiyo unastahili kutazamwa. Ghorofa ya chini hufanywa maduka yaliyo wazi mbele, yenye nguzo chache na kuta chache, na juu yake hupandishwa ghorofa za makazi zenye kuta nzito za mawe. Mtikisiko wa kando ukija, ghorofa ya chini ndiyo hujikunja kwanza. Nyumba ya mbao ya mkulima wa chai, ambayo mwenyewe huenda anaionea haya, huweza kuyumba na kusimama tena. Serikali ya Kenya ilichapisha kanuni za ujenzi zinazohusu matetemeko mwaka 1973, zikiigawa nchi katika kanda kulingana na ukali unaotarajiwa. Kanuni ni jambo moja. Fundi aliye juu ya jukwaa la miti Maua au Runyenjes ni jambo jingine.

Rangi za ramani hutokana na hesabu ya uwezekano. Mradi wa kimataifa wa kukadiria tishio la matetemeko, uliofanyika kati ya mwaka 1992 na 1999, uliichora dunia nzima kwa kuuliza swali moja: ni mtikisiko wa kiasi gani ambao una uwezekano wa asilimia 10 wa kuzidiwa katika miaka 50? Wahandisi huita jambo hilo tukio la miaka 475. Usemi huo umewapotosha wengi. Haumaanishi kwamba tetemeko likishatokea litalala miaka 475 ndipo liamke. Kila mwaka una bahati nasibu yake, na mwaka unaofuata tetemeko kubwa huanza hesabu upya. Mitambo inayolisha hesabu hizo ipo Kenya pia. Kituo cha Kilimambogo karibu na Thika, kwa mfano, ni sehemu ya mtandao wa kimataifa unaosikiliza ardhi ili kutambua majaribio ya silaha za nyuklia, na sikio lile lile husikia matetemeko.

Ardhi yenyewe

Ramani ya dunia nzima hupaka rangi moja juu ya wilaya tatu au nne. Kazi ya kweli huanza pale rangi hiyo inapokatwa vipande kwa kufuata ardhi. Mlima Kenya ni volkeno iliyokufa, na imepita miaka zaidi ya milioni mbili tangu ifanye kazi. Vilima vya Nyambene upande wa kaskazini mashariki ni vichanga zaidi, na vimejaa vilima vidogo vya majivu ya volkeno na mashimo ya milipuko. Ziwa Nkunga, lililo msituni karibu na mji wa Meru na kuheshimiwa kama mahali patakatifu, limekaa ndani ya shimo la aina hiyo. Ukishuka kuelekea Mbeere, lava inakwisha na miamba migumu ya kale sana inajitokeza, yenye udongo mwembamba na mawe wazi.

Tofauti hiyo ndiyo roho ya ramani. Mwamba mgumu hupitisha mtikisiko haraka na kuuacha uende. Udongo laini na mnene huushika na kuukuza. Mji wa Mexico ulilijua hilo tarehe 19 Septemba 1985, ulipobomolewa na tetemeko lililotokea zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo, kwa kuwa sehemu yake kubwa imejengwa juu ya tope la ziwa la kale. Meru haina tope la ziwa. Lakini miteremko ya juu ina udongo mwekundu wenye kina kirefu, uliooza kutokana na miamba ya volkeno kwa muda wa maelfu ya miaka, nao hunyonya mvua kama sifongo. Embu ya juu na Mbeere, ingawa zimo katika kaunti moja, haziwezi kupakwa rangi moja kwa uaminifu.

Yamkini tishio kubwa zaidi la mtikisiko hapa si kuanguka kwa nyumba bali kuporomoka kwa ardhi. Mteremko husimama kwa mapatano kati ya uzito unaouvuta chini na msuguano unaoushikilia. Maji yakiingia kati ya chembechembe za udongo msuguano hupungua. Barabara ikikatwa kwenye ubavu wa kilima, mguu wa mteremko huondolewa. Miti ikikatwa, mizizi iliyokuwa ikishona udongo huoza. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, huko Pokot Magharibi, mvua peke yake ilitosha kuporomosha milima na kuua watu zaidi ya 50. Tetemeko dogo likija mwezi wa Aprili au Novemba, udongo ukiwa umeshiba maji, lingeikuta kazi imekwisha kufanywa nusu. Ramani nzuri ya Meru na Embu ingepaswa kuwa na kurasa mbili, ya kiangazi na ya masika.

Mwinamo wa ardhi hupatikana kwa urahisi siku hizi. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kilipima kwa rada mwinuko wa sehemu kubwa ya dunia, na mwaka 2014 data za Afrika zilitolewa bure kwa vipande vya takriban mita 30. Data hizo zikilazwa juu ya ramani za jiolojia, kama ile iliyoambatana na ripoti ya B. H. Baker ya mwaka 1967 kuhusu eneo la Mlima Kenya, na juu ya vipimo vya mvua, kompyuta huweza kuonyesha mitelemko inayotiliwa shaka kwa muda wa mchana mmoja. Kisichopatikana kwa kompyuta ni kumbukumbu. Mahali palipowahi kuporomoka huelekea kuporomoka tena, na mara nyingi habari hiyo imo vichwani mwa wazee na katika majina ya mahali. Mchoraji asiyepita kwa wazee, wakiwamo wale wa Njuri Ncheke, huacha nje ya ramani data za karne nzima.

Madaraja na mabwawa

Barabara ya Embu kwenda Meru hukata mito inayoteremka kutoka mlimani, mmoja baada ya mwingine, na kila mto umechimba korongo lake. Thuci, Nithi na Mutonga ni mabonde marefu yenye kingo kali. Daraja la Nithi linajulikana nchini kwa ajali za magari; katika ramani ya matishio linajulikana kwa sababu nyingine, kwamba likikatika, pamoja na moja au mawili kati ya wenzake, miji huachwa kama visiwa. Magari ya wagonjwa na matingatinga yangelazimika kuuzunguka mlima kupitia Nanyuki. Kuna tishio jingine ndani ya makorongo haya. Maporomoko yanaweza kuuziba mto na kufanya ziwa la muda, ambalo baadaye hupasuka na kuwakuta watu wa chini hawana habari. Nchini China, baada ya tetemeko la Wenchuan la tarehe 12 Mei 2008, maziwa mengi ya aina hiyo yalijitokeza, na wanajeshi walichimba mifereji usiku na mchana kuyapunguza.

Kisha kuna Tana. Mito hiyo yote huishia humo, na juu yake, mpakani mwa Embu na majirani zake wa ng'ambo, kuna mabwawa matano yanayofuatana: Masinga la mwaka 1981, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Kindaruma la 1968 na Kiambere la 1988. Masinga, lililo juu kabisa, lilijengwa kushika maji yapatayo mita za ujazo bilioni 1.56. Hapa ndipo neno tsunami linaporudi katika mjadala bila ya kulazimishwa. Tarehe 9 Oktoba 1963, huko Vajont nchini Italia, ubavu wa mlima uliporomokea ndani ya bwawa. Ukuta wa bwawa haukuvunjika, lakini wimbi liliruka juu yake na kuua watu wapatao 2,000 katika bonde la chini. Kingo za Masinga ni tambarare kuliko za Vajont, na haifai kuwatisha watu bila sababu. Hata hivyo ramani isiyouliza swali hilo kwa kila bwawa na kila kilima kinacholizunguka itakuwa imeacha kazi nusu.

Bwawa huweza pia kuwa chanzo. Uzito wa maji, na maji yenyewe yanayopenya katika nyufa za miamba, yamehusishwa na matetemeko ya Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, mwaka 1963, na lile la Koyna nchini India la tarehe 11 Desemba 1967, lililokuwa na ukubwa wa 6.3 na kuua watu wapatao 180. Na bwawa halihitaji kuwa kubwa ili liue. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shambani lilipasuka wakati wa mvua nyingi huko Solai, jirani na Subukia ile ile, na watu wasiopungua 47 wakafa. Katika kingo za Tana suala ni la mfuatano: maji yanayoachiliwa au kupasuka juu huwa mzigo wa bwawa la pili, kisha la tatu, hadi Garissa na deltani, ambako mafuriko ya mwaka 2024 yaliwakuta watu wasioweza hata kuuona Mlima Kenya. Kwa njia hiyo mteremko wa Meru unafika baharini.

Lugha ya ufunguo

Ramani nyingi za aina hii hutolewa kwa Kiingereza, zikiwa na ufunguo mdogo pembeni ambao ndio unaobeba maana yote. Mkulima akiletewa karatasi ambayo shamba lake limepakwa kijani, ataelewa kwamba yuko salama, kwani kijani ni rangi ya chai na ya mvua. Mchoraji alikusudia "tishio la chini", si "hakuna tishio". Nyekundu nayo huonekana kama laana juu ya bei ya ardhi, na aliyepakwa nyekundu atajitahidi ramani isitoke ofisini. Maneno "uwezekano wa asilimia 10 katika miaka 50" ni sahihi na hayana faida kwa mtu anayeamua leo mahali pa kujenga jiko. Yangeweza kuandikwa hivi: "Kati ya nyumba kumi zilizojengwa mahali kumi mbalimbali kama hapa, na zikasimama miaka hamsini kila moja, moja inatarajiwa kutikiswa kwa nguvu hii au zaidi." Na kwa miteremko: "Ardhi hii huweza kuteleza mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo. Ukiona ufa mpya juu ya shamba, miti iliyoanza kuinama, au chemchemi iliyogeuka tope, hama kabla ya usiku."

Sentensi za namna hiyo hazitungwi na kompyuta ya mpimaji. Vyuo vikuu vya Chuka, Embu na Meru vimo ndani ya eneo lenyewe, na vituo vya redio hutangaza kwa Kimeru na Kiembu kila siku. Kazi ya kutafsiri ufunguo ingekuwa zoezi la muhula mmoja kwa darasa la istilahi. Ugumu ungejitokeza mapema. Tishio, udhaifu na hatari vinaweza kukubaliwa bila ya ubishi mwingi. Kwa dhana ya kati, neno ufichuzi halifai, kwani kinachofichuliwa ni siri au uovu, na nyumba iliyo chini ya kilima haina siri yoyote. Ndiyo sababu makala haya yametumia maneno manne, "kilichowekwa mbele ya tishio", pale ambapo istilahi moja ingetosha. Wakaaji wa kingo za Tana chini ya ukuta wa Masinga ndio wanaotajwa na maneno hayo manne.